Ugenini kwa Wabudha: Chakula na adabu za Muislamu anayesafiri Thailand

SHUKRANI zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola aliyeitandaza ardhi na kuwaruhusu waja wake watembee katika pande zake watafute riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali ambayo nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara baada ya darsa, yamo yanayohusu safari ya Thailand. Si swali la kushangaza. Wafanyabiashara wetu wa nguo wanakwenda katika soko la Pratunam, jijini Bangkok. Wenye biashara ya madini wanapeleka Tanzanite ya Mererani na yakuti za mikoa yetu ya kusini hadi mji wa Chanthaburi, ambako mawe hukatwa, huchomwa moto ili yakoze rangi, kisha huuzwa mezani kwa mezani mwishoni mwa juma. Wazee wa Tunduru hawahitaji kuelezwa Mthai ni nani, kwani katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi wa Kithai walipiga kambi huko huko kwao. Tena kuna wagonjwa wanaofuata hospitali za Bangkok, na ndugu zetu wa Oman wenye asili ya Unguja na Pemba ni miongoni mwao kwa wingi.

Wasafiri hawa wamegawanyika. Wapo wanaosema, "Sheikh, safari ni dharura, ukiwa ugenini unakula ulichokikuta." Na wapo wa upande wa pili, ambao wakimwona mtawa wa Kibudha na joho lake la rangi ya zafarani wanamcheka mbele ya uso wake, na wakiona sanamu wanalinyooshea kidole na kulitia ufedhuli, wakidhani kwamba huko ndiko kuitetea Tauhidi. Makundi yote mawili yanahitaji kuzungumzwa nayo, ingawa la kwanza ndilo lenye watu wengi.

Kwanza tuifahamu nchi yenyewe. Zaidi ya tisa ya kumi ya watu wa Thailand ni wafuasi wa dini ya Kibudha, wa mapokeo yanayoitwa Theravada, ambayo ndiyo pia ya Sri Lanka na Burma. Waislamu ni wachache, wanakadiriwa kuwa kiasi cha watu watano katika kila mia, lakini si wageni katika nchi hiyo. Katika majimbo ya Pattani, Yala na Narathiwat, kusini kabisa mpakani na Malaysia, wao ndio wengi. Asili yao ni Wamalai, na madhehebu yao ni ya Imam Shafi kama sisi watu wa pwani. (Anayetaka kufika huko azingatie kwamba tangu mwaka 2004 kumekuwa na mapigano yasiyokwisha kati ya wapiganaji na dola.) Bangkok nako kuna misikiti mingi tu. Uko Ton Son, wa tangu zama za ufalme wa Ayutthaya. Uko Haroon, katika eneo la Bang Rak karibu na mto, si mbali na mtaa wa wauza vito wa Silom. Na Waislamu wa nchi hiyo wana kiongozi wao anayetambuliwa na mfalme, aitwaye Chularatchamontri, cheo ambacho asili yake ni karne ya 17, alipokabidhiwa mfanyabiashara wa Kiajemi, Sheikh Ahmad wa Qom. Ndiyo kusema, neno "halali" si geni masikioni mwa Mthai. Msafiri anayedhani kwamba hakuna atakayemwelewa hajauliza.

Dharura ni nini?

Turejee kwa yule anayesema safari ni dharura. Ndugu yangu, dharura katika sheria ina mpaka wake. Aya ya 3 ya Suratul Maida imeharamisha nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Na mwisho wa aya hiyo hiyo akasamehewa yule aliyesukumwa na njaa kali pasi na kuielekea dhambi. Wanazuoni wa fiqhi wamelifafanua hilo kuwa ni mtu anayechelea kufa au kupata madhara makubwa mwilini, na hana kingine cha kula. Basi niambie, mtu aliye Bangkok, mji ambao kila hatua kumi kuna muuza ndizi, papai, nanasi, wali mweupe, mayai na samaki wa kuchoma aliyepakwa chumvi, njaa kali imemfikaje? Huyo hana dharura. Ana uchovu wa kuuliza, na uchovu haukuhesabiwa na mwanachuoni yeyote miongoni mwa sababu za kuhalalisha haramu.

Wengine wana hoja iliyo nzuri zaidi kidogo. Wanasema: Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama wanayoletewa na watu ambao haijulikani kama wameitaja Bismillahi au la, naye akawaelekeza wao wenyewe wataje jina la Mwenyezi Mungu kisha wale. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari. Lakini mwenye kuisoma hadi mwisho atakuta kwamba watu wale waliokuwa wakileta nyama walikuwa Waislamu waliosilimu karibuni. Shaka ilikuwa katika Bismillahi, haikuwa katika dini ya mchinjaji. Ama chakula cha waliopewa Kitabu kimehalalishwa katika aya ya 5 ya sura hiyo hiyo, na hao ni Mayahudi na Manasara. Wabudha hawamo, kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni. Kwa hiyo kuku aliyechinjwa na Mbudha si halali kwetu hata kama amechinjwa kwa kisu kikali, hata kama tumepiga Bismillahi mara mia mezani.

Kuna dhana nyingine inayowapoteza watu, nayo ni kwamba Mbudha hali nyama, hivyo mkahawa wake ni wa mboga tupu. Sivyo hata kidogo. Wathai wanakula nyama, na nguruwe ndiye kipenzi chao. Hata watawa wao, ambao hutoka alfajiri na mabakuli wakipokea chakula kwa watu, hula walichopewa, nyama ikiwemo, maadamu mnyama huyo hakuchinjwa kwa ajili yao hasa. Kisha ikishapita adhuhuri hawali tena chakula kigumu mpaka kesho. Nyama ya ng'ombe ndiyo baadhi yao wanayoiacha, hususan wenye asili ya Kichina wanaomtukuza Guan Yin.

Nguruwe aliyejificha

Nguruwe anayeonekana si tatizo kubwa, Muislamu atamwepuka. Tatizo ni yule asiyeonekana. Asubuhi na mapema utatoka hotelini, na pembeni ya barabara utaona jiko la mkaa na mishikaki inapinduliwa, moshi wake umekaa sawasawa na wa Forodhani. Moyo utakwenda mbio. Hiyo kwa kawaida ni "mu ping", mishikaki ya nguruwe, na huliwa kwa wali wa kunata. Hata satay, ambayo Malaysia na Indonesia ni ya kuku au ng'ombe, huko Bangkok mitaani mara nyingi ni ya nguruwe. Neno la kulishika basi ni "mu", ndilo nguruwe kwa Kithai. "Kai" ni kuku, "nuea" ni ng'ombe, "pla" ni samaki, "kung" ni kamba, "khai" ni yai. Lugha yao ni ya kupandisha na kushusha sauti, na neno moja likibadilishwa mwendo linakuwa neno jingine, kwa hiyo usitegemee ulimi wako peke yake. Mwombe Muislamu wa huko, au hata mhudumu wa hotelini, akuandikie kwa Kithai katika kikaratasi: mimi ni Muislamu, sili nguruwe wala mafuta yake, wala nyama isiyo halali. Kikaratasi hicho kitakufaa kuliko kamusi.

Nimesema mafuta yake, na hapo ndipo penye mtego. "Nam man mu", yaani mafuta ya nguruwe, hutumiwa kukaangia wali na mboga katika vibanda vingi. Kitunguu saumu kilichokaangwa humo hunyunyizwa juu ya tambi za supu, na supu yenyewe, ijapokuwa imewekwa samaki, huenda msingi wake ni mifupa ya nguruwe. Ziko tambi maarufu ziitwazo "kuaitiao ruea", tambi za mtumbwini, ambazo supu yake huongezwa damu ili iwe nzito. Damu hiyo hata ingekuwa ya ng'ombe ni haramu. Na huyo aliyekukaangia yai kwa mafuta ya mawese, amelikaangia katika karai lililotoka kukaangiwa nini?

Swali hili la vyombo lina jibu katika Sunna. Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba wao wanaishi katika nchi ya watu wa Kitabu, je, wale katika vyombo vyao? Akaelekezwa kwamba wakipata vingine wasile katika hivyo, na wasipopata waviosha kisha wale humo. Hukumu yetu inatoka hapo: tafuta kwanza mahali pa Waislamu, na ukikosa, chombo kioshwe. Katika madhehebu yetu nguruwe ni najisi nzito, chombo chake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa kumkisia na mbwa. Hata hivyo Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu, ameona kwamba kwa upande wa dalili kauli yenye nguvu ni kutosheka na mwosho mmoja. Nimelitaja hili ili aliyekwama apate pa kushika, si ili mtu akae mkahawa wa nguruwe akimwagiza mpishi asuuze karai.

Na mtu asije akakiharamisha kilicho halali pia. "Nam pla", ule mchuzi mwembamba wa kahawia ulio kila meza, ni maji ya samaki wadogo waliolazwa katika chumvi kwa miezi mingi. Unanuka, lakini si pombe, na hauna ubaya. "Kapi" ni uduvi uliosagwa na kuchachushwa, nao hauna neno. Ama tambi ziitwazo "khi mao", jina linalohusu ulevi, zimewatia wengi khofu bure. Jina hilo halina maana kwamba zina pombe ndani yake, mwulize mpishi. Kinyume chake, ule wali mtamu uliochachushwa, "khao mak", unaouzwa kama kitinda mlo wa watoto, kweli unaweza kuwa na kileo, na mimi naona uachwe.

Halafu kuna wadudu. Usiku utaona sinia zimejaa panzi, nyenje, na funza wa mianzi, wote wamekaangwa na kutiwa chumvi. Nzige ni halali kwa hadithi, hana haja hata ya kuchinjwa, na ndugu zetu wa Bukoba wenye senene wao wanalijua vizuri zaidi somo hili kuliko wengine. Lakini funza na nyenje, jamhuri ya wanazuoni imewakataza, ingawa Imam Malik na wafuasi wake wamelegeza. Sikumwona Mswahili aliyeteseka kwa kuwakosa.

Pa kula

Baraza kuu la Waislamu la Thailand linatoa cheti cha halali, na alama yake ni umbo la almasi lenye neno "halali" kwa herufi za Kiarabu. Utaikuta katika biskuti, mikate, tambi za pakiti, maziwa na kuku wa dukani. Maduka ya 7-Eleven, ambayo Bangkok yako kila kona, yanauza bidhaa nyingi zenye alama hiyo, na pembeni yake nyingine nyingi zisizo nayo, hasa mikate ya kubana yenye nyama ya nguruwe ndani. Soma kila pakiti. Ukisoma, usishtuke kuona tarehe ya mwisho ya matumizi imeandikwa mwaka wa elfu mbili na mia tano na kitu: wao huhesabu kalenda ya Kibudha, iliyotangulia ile ya Miladi kwa miaka 543. Mwaka 2025 kwao ni 2568. Anayeona "68" akadhani maziwa hayo yatadumu miaka arobaini ataumwa tumbo.

Kwa aliye Pratunam, jirani yake kuna barabara ya Phetchaburi, na katika kichochoro chake cha 7 upo msikiti wa Darul Aman, ambao umezungukwa na mama lishe na mikahawa ya Waislamu. Upande wa pili wa mfereji wa Saen Saep kutoka kwa nyumba ya yule Mmarekani mfanyabiashara wa hariri, Jim Thompson, uko mtaa wa Ban Krua, wa Waislamu wa kabila la Cham, ambao ndio waliomfumia hariri hiyo. Kichochoro cha Sukhumvit 3, mtaa wa Nana, kimejaa mikahawa ya Kiarabu. Chakula ni cha halali, lakini mtaa wenyewe una mengine yasiyo ya halali, kwa hiyo kula uondoke.

Na katika mikahawa hiyo Mswahili hatakuwa mgeni sana. Kuna "khao mok kai", ambayo ni biriani ya kuku yenye manjano, inayoletwa na sosi ya kijani ya nanaa yenye ukali na uchachu. Kuna mchuzi wa "massaman", ambao wengi wanaona jina lake limetokana na neno Musulmani, wenye viazi, njugu, mdalasini, iliki na ukwaju. Kuna "roti", chapati zetu hizi, na "mataba", ile yenye nyama na mayai ndani, ambayo jina lake limetoka kwa Waarabu. Kuna supu ya mkia wa ng'ombe yenye ndimu na pilipili. Pilipili yao ni kali kuliko yetu, nasema hivi kwa kuelewa ninachosema; ukitaka isikaliwe sana sema "mai phet". Matunda usiulize: shokishoki, doriani, fenesi, embe. Ila doriani usiingie nayo hotelini, wanaikataza kwa harufu na wanatoza faini.

Lipo kimbilio jingine wengi hawalijui. Ukiona kijibendera cha njano chenye maandishi mekundu, hicho ni chakula cha "jay", cha Wabudha wenye asili ya Kichina waliojiepusha na nyama, samaki, mayai, hata vitunguu, na katika siku zao kubwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, vibanda hivyo hujaa mji mzima. Mafuta ya nguruwe hayaingii humo. Kwa aliye mbali na Waislamu, hapo pana usalama kuliko mkahawa wa kawaida. Asichukue tu kilichowekwa mbele ya sanamu kama sadaka.

Na hospitali je? Mama mmoja wa Tanga alimsindikiza mumewe aliyekwenda kupasuliwa, akakaa siku tisa akila ndizi na mayai ya kuchemsha, na mgonjwa naye akikataa supu aliyoletewa, naye mgonjwa anahitaji supu. Siku ya kumi muuguzi akawauliza kwa nini hawakujaza fomu ya chakula cha halali, kwani jiko lake lilikuwa ghorofa ya chini tangu mwanzo. Hospitali kubwa za Bangkok zimezoea wagonjwa wa Ghuba, na nyingine zina jiko la halali na chumba cha sala. Siku ya kwanza, kabla ya dawa ya kwanza, ulizia.

Adabu mbele ya wenyeji

Sasa tuje kwa yule wa upande wa pili. Aya ya 108 ya Suratul An'am imetukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa kinyume cha Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Yeye kwa uadui na ujinga. Hii ni amri, si hiari. Isitoshe, Uislamu haukufika Pattani wala Malaka kwa matusi. Ulifika ndani ya majahazi ya wafanyabiashara ambao watu waliwaamini kwa mizani yao na maneno yao.

Mthai anamheshimu mtu anayezungumza polepole. Kupaza sauti sokoni, kugonga meza, kumwonesha mtu kidole, kwetu ni namna ya kupatana bei. Kwao ni aibu, na aliyekasirika ndiye aliyeshindwa. Muuzaji atatabasamu, atakwambia bei haipungui, na haitapungua kweli. Kichwa kwao ni mahali pa heshima, hivyo usimguse mtu kichwani, hata mtoto mdogo kwa mapenzi kama tufanyavyo. Unyayo ni mahali pa chini: usikae umeuelekeza kwa mtu, wala usisogeze kitu kwa mguu. Viatu huvuliwa mlangoni mwa nyumba, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa. Wanakula kwa kijiko mkono wa kulia na uma mkono wa kushoto wa kusukumia tu, na vijiti ni vya tambi. Wali wa kunata huliwa kwa mkono wa kulia. Vyakula huwekwa katikati na kila mmoja huchota kidogo kidogo. Ukikaribishwa na mfanyabiashara mwenzako kisha chakula hakikufai, usiseme "haramu" kwa uso wa kukunja. Mjulishe mapema kwamba wewe ni Muislamu, naye mwenyewe atachagua mkahawa wa Waislamu. Nimeona wengi wao wakifanya hivyo kwa furaha.

Salamu yao, "wai", ni kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Wengi wananiuliza hukumu yake. Tumepokea kutoka kwa Anas (r.a.), katika Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama mtu amwinamie nduguye anapokutana naye, akakataa. Kwa hiyo kuinama kwa namna ya rukuu hakufai. Mgeni hadaiwi "wai"; ukitabasamu, ukaweka mkono kifuani na kusema "sawatdi khrap", na mwanamke aseme "sawatdi kha", umeshatimiza na hakuna atakayenung'unika.

Watawa wana adabu yao. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi kwa mkono, na viti vyao katika mabasi na viwanja vya ndege vimetengwa. Mama zetu wenye buibui, ambao nao hawapendi kuguswa na mwanamume wa kando, wataona jambo hili ni la kawaida kabisa.

Kuhusu kuingia mahekaluni kwa kutazama, wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuingia nyumba za ibada za wengine, na yenye masanamu ndiyo waliyoichukia zaidi. Mimi namshauri msafiri asiifuate. Ikiwa wenzake wa biashara wamempitisha huko, asimame nje ya ukumbi au kando yake, mabega na magoti yamefunikwa, kimya. Akipewa udi wa kuchoma au karatasi ya dhahabu ya kubandika, aikatae kwa mkono kifuani, kwa sababu hiyo sasa si matembezi tena, ni ibada. Wala asinunue sanamu la Buddha la kupambia sebule. Kwetu ni haramu, na kwao ni dharau, tena kulitoa nje ya nchi bila kibali cha idara yao ya sanaa ni kosa. Ni nadra sheria mbili kukubaliana namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai ya Thailand kinamfunga miaka 3 hadi 15, kwa kila kosa, mtu anayemvunjia heshima mfalme, malkia, mrithi wa ufalme au kaimu wa mfalme, na wageni hawakusamehewa. Noti zina picha ya mfalme: ikikudondoka usiikanyage kwa mguu kuizuia. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wimbo wa taifa hupigwa katika vituo na viwanja, na watu husimama. Simama nao, hiyo ni heshima ya wenye nchi, haina rukuu wala sijida. Na anayefika kati ya tarehe 13 na 15 Aprili atakuta sikukuu ya Songkran, watu wanamwagiana maji barabarani bila kubagua. Weka pasi na simu ndani ya mfuko wa nailoni.

Lililobaki ni sala. Sisi wa pwani tumezoea Kibla cha kaskazini. Bangkok, Kibla ni magharibi, kimeelekea kaskazini kidogo, na saa zao zimetangulia zetu kwa saa nne. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi una chumba cha sala, na baadhi ya maduka makubwa pia. Vyoo vyao vingi vina mpira wa maji, neema ambayo msafiri wa Ulaya anaililia. Ama kupunguza sala, katika madhehebu ya Shafi anayenuia kukaa chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, atapunguza. Mfanyabiashara aliyefika na kuambiwa kila siku kwamba mzigo utatoka kesho, na yeye ameazimia kuondoka mara utakapotoka, anaruhusiwa kupunguza mpaka siku 18. Lakini akijua tangu mwanzo kwamba fundi hatamaliza kumkatia mawe yake kabla ya wiki mbili, huyo si msubiri wa kesho. Amekwishakuwa mkazi, na atasali kamili kuanzia siku anayofika. Wallahu a'alam.